Nimefika Jumanne

Wanjiku, binti yangu, mama yangu,

Sina haja ya kukuuliza kama u mzima, kwa maana nakuona hapa kupitia mlango, umekalia begi ili zipu ifungike, na mama yako bado anakuongezea sufuria. Mimi pia ni mzima. Hayo tumeyamaliza.

Mambo ya kula vizuri, kusali, na kutomwamini mtu anayecheka haraka, mama yako ameyasema tangu juzi, na yeye akisema hata mimi na masikio haya mabovu nasikia. Sitayarudia. Barua hii niliianza Jumapili tulipotoka kanisani, na kesho asubuhi unapanda basi la Kitale, kisha Lodwar, kwa hiyo leo lazima iishe. Uliponiona nimeinamia karatasi ukaniuliza kwa mkono, "Nini hiyo?" nikakuambia napiga hesabu ya rangi. Ulikubali, hata kama unajua hakuna mtu ameniletea kazi ya rangi kwa muda mrefu.

Kwanza nijisifu kidogo, ndio mkono ulainike. Hapa Nairobi, kuanzia Parklands mpaka Adams Arcade, mtu akikuambia hajawahi kusoma herufi zangu, huyo ni mgeni au macho yake ni mabaya. Mabucha, saluni, daktari wa meno, duka la godoro, vibao vyao vyote vilipakwa na baba yako. S yangu hakuna aliyeiweza. Wenzangu walikuwa wakija kusimama chini ya ngazi waone vile inapinda, na mimi nilikuwa nageuka kuwafichia kwa mgongo.

Lakini kusoma ni kitu kingine. Shule niliacha darasa la pili, na wewe unajua. Herufi nilizijua kama unavyojua sura za watu wa kituo chako cha basi: unawaona kila siku, majina yao huna. Mteja ananiletea karatasi, mimi napaka kilichoandikwa. Kuna mshonaji mmoja wa Parklands aliniletea karatasi imeandikwa SUTI ZA WANAUME NA WATOTO, na chini yake, IWE TAYARI IJUMAA. Nilipaka yote. Na kwa sababu nafasi ilibaki, nikaipa IJUMAA kivuli chekundu. Aliporudi akashika kichwa.

"Fundi, hiyo ya Ijumaa ilikuwa yako!"

"Yangu namna gani? Iko kwa karatasi yako."

"Nilikuwa nakuambia wewe! Ujue siku!"

"Sasa ungeniambia kwa mdomo."

Kabla hajapata mtu wa kuifuta, wateja walishaanza kuja. Kila mmoja alitaka suti yake iwe tayari Ijumaa. Alilazimika kuajiri mshonaji wa pili, na kibao hakukifuta tena. Mpaka leo nasema mimi ndiye niliyemtajirisha, na hajawahi kunishukuru. Lakini ukiniuliza kwa siri, nitakuambia kile nilichokuja kuelewa nikiwa mzee: maisha yangu yote niliandika maneno bila kujua ni nani anaambiwa. Jambo hilo lilikuja kuniletea shida, na ndilo nataka kukuandikia.

Unakumbuka siku ile ulipoleta habari kwamba ukimaliza masomo ya maabara unaweza kupelekwa mbali. Ulinisogelea sikio la kushoto, lile lililobaki.

"Baba! Nikienda mbali tutaongea vipi?"

"Utapiga simu."

"Utasikia?"

"Nitasikia nikitaka."

Ukatoka nje uani ukanipigia. Nilishika simu, nikajibu vizuri kabisa, nikaongea juu ya mvua, nikauliza shule, nikasema sawa, sawa, Mungu akubariki. Ukaingia umeshika kiuno.

"Nimekuambia nini?"

"Umeniuliza kama mvua imenyesha."

"Nilisema nyumba inaungua."

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, kwa sababu ya kiburi, lakini nilipoenda kulala nilijua ya kwamba hiyo si mchezo. Siku utakapoondoka, sauti yako itabaki kwangu kama mbuzi ndani ya debe. Kitakachobaki kati yangu na wewe ni kuandika tu, na mimi nilikuwa naweza kuandika NYAMA CHOMA na MAJENEZA YA BEI NAFUU. Hayo mtu hawezi kumtumia binti yake.

Ndipo ukanifungulia lile jukwaa la mtandaoni kwa simu yako ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka. Ukasema hapo kuna watu wa kila aina, wanaandika mchana kutwa, wananunua, wanauza, wanabishana juu ya mpira na mahari na mbwa wa jirani, na mimi nitapata mazoezi. Nikauliza, ni akina nani? Ukasema hakuna anayewajua wote. Nikauliza, mwenyekiti ni nani? Ukasema kuna msimamizi. Nikauliza, wanaanza saa ngapi? Ukasema hawaanzi, wala hawaishi.

Hilo sikuliamini. Mimi nimekaa kwa vikao vingi, vya mahari, vya shamba, vya kanisa. Ukichelewa unakaa nyuma, unasikiliza yaliyosemwa, ndio unapata haki ya kufungua mdomo. Kwa hiyo nikatafuta mada moja, ikaitwa Maisha ya Nairobi, nikarudi nyuma nianze mwanzo. Nilisoma kwa kidole. Neno refu nililikata vipande kama unavyokata mkate kwa mtoto. Nikimaliza ujumbe mmoja, ile namba nyekundu pembeni, ya ujumbe ambao sijasoma, imeongezeka. Nikisoma mwingine, imeongezeka tena. Nikasema hawa watu wananikimbia. Nikaandika, kwa herufi zangu zile ninazozijua, NGOJENI NIMALIZE KUSOMA.

Wakajibu wengi mara moja. Mmoja akaniuliza, kwa lugha ya vijana, "Sasa mzae, umefika wapi?"

Nikaandika NIMEFIKA JUMANNE.

Sikujua kwa nini walicheka. Wakati huo ilikuwa Jumatatu, lakini ya mwezi uliofuata, na wao walikuwa wameshasahau hiyo Jumanne ilikuwa na nini. Mimi ndiye pekee niliyekuwa bado ndani yake. Kuanzia hapo wakawa wananisalimia hivyo. Mtu akichelewa kujibu, wanasema yuko Jumanne na mzee.

Lakini mama, Jumanne ilikuwa nzuri! Kulikuwa na kijana anauliza kama jikoni apake kijani ama malai, ile rangi ya krimu. Hakuna aliyemjibu; swali lilipita chini ya maneno ya mpira likafunikwa. Mimi nikaona hapa ndipo kwangu. Nikamwandikia kwa siku nzima. Nikamweleza moshi, mafuta, mwanga wa dirisha la mashariki, aina ya msasa, na kwamba kijani kitamchosha kabla mtoto wake hajaanza kutembea. Akanijibu jioni ile ile:

"Mzee, asante sana, lakini tulishahama hiyo nyumba."

Nikakasirika. Halafu nikaona hasira hainisaidii, nikamwuliza, MMEHAMIA WAPI? Akasema Ruaka. Nikauliza, JIKONI KUNA RANGI GANI? Akacheka, akatuma picha. Ilikuwa malai. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa nifike pale pagumu. Kulikuwa na mama mmoja anajiita Mama Pendo wa Voi. Huyo alikuwa mtu wa heshima, anasalimia kila mtu akiingia. Siku moja akaandika kwamba mume wake amelazwa, na yeye anakaa kwenye benchi nje ya wodi, na hajui kama ataongea naye tena. Watu wakaandika pole, pole, pole. Mimi nilimwonea huruma sana. Nikaona pole ni neno jembamba. Nikatafuta maneno ya kumshika mtu mkono. Nikaandika:

USILIE. KAA NA YEYE. MUNGU ANAKUONA.

Akajibu: "Hata wewe mzee unanifokea?" Kisha akatoka. Jina lake halikuonekana tena.

Unakumbuka hiyo siku, kwa sababu wewe ndiye uliyenieleza. Ulichukua kipande cha katoni ukaandika kwa kalamu nene: Herufi kubwa ni kelele.

Tukabishana wiki nzima, wewe kwa katoni, mimi kwa mdomo. Nikakuambia kibao cha hospitali kimeandikwa kwa herufi kubwa, kinamfokea nani? Ukaandika, Kibao kiko mbali, mtu yuko karibu. Nikakuambia herufi ndogo ni za risiti. Ukaandika, Baba, wewe mwenyewe unachukia mtu akikuzungumzia kwa kelele. Na hapo ulinipata. Kwa maana ni kweli. Tangu masikio yaondoke, kila mtu ananijia na mdomo wazi kama anafukuza ng'ombe. Muuza maziwa, pasta, wajukuu. Wananieleza vitu vya upole kwa sura ya ugomvi. Mtu anakuambia chai iko tayari, na mishipa ya shingo imemtoka. Mimi ndiye najua kabisa hiyo inaumiza vipi, na nilikuwa nimemfanyia hivyo hivyo mjane wa watu, ama tuseme mke wa watu, maana sikujua mume alipona ama vipi.

Hata hivyo, sikukubali mbele yako. Unajua mimi. Nilingoja uende darasani, nikatoa brashi nambari mbili na kopo la rangi nyeusi iliyobaki, nikaenda nyuma ya choo, pale ukuta wa mabati, nikaanza herufi ndogo. Nakuambia ni ngumu! Kubwa zinasimama zote kama askari. Ndogo kila moja ina tabia yake. Kuna zenye miguu chini ya mstari, g na y na p, kama watu wanaoning'iniza miguu kwenye daraja. Na ile a, nilitumia kopo zima kabla haijakaa. Wewe ulidhani ni watoto wa jirani wanachora, ukawagombeza. Ni mimi.

Kisha nikamwandikia Mama Pendo, mahali pale ambapo ujumbe unamfikia mtu mmoja tu. Nimeuhifadhi, naunakili hapa:

mama pendo. mimi ni yule mzee. nilikuwa sijui. mimi ni mpaka rangi na masikio yangu yamekufa. nilikuwa nasema polepole.

Hakujibu. Nilikuwa nafungua simu nikiamka, nikimaliza chai, nikitoka dukani. Mama yako akasema nimepata mchumba. Namba nyekundu ya jukwaa zima iliendelea kukua, na kwa mara ya kwanza sikuijali. Nilikuwa nangoja mtu mmoja. Nikaelewa hapo kwamba ile namba si deni. Nilikuwa naifuata kama mtu anayetaka kumsalimia kila mmoja sokoni Kangemi kabla hajanunua nyanya. Huwezi. Utarudi nyumbani bila nyanya. Sasa huwa nachagua mada moja au mbili, nakaa hapo mpaka nijue nani ana mguu mbaya, nani ana ng'ombe, nani hujifanya ana gari. Zingine naziacha zipite, na dunia haijaanguka.

Baada ya muda mrefu, Mama Pendo akajibu. Mume wake yuko nyumbani, anatembea na fimbo. Na akaandika: "Sasa mzee nakusikia."

Niliipeleka simu kwa mama yako nikamsomea, kisha nikajifanya nina mafua.

Nakuandikia haya kwa sababu huko unakoenda utakuwa mgeni, na mgeni hupenda kujionyesha. Hiyo umerithi kwangu, usinibishie. Nilikusikia ulipokuwa mdogo, nilipokuwa bado nasikia, ukiwaambia wenzako kwamba baba yako ndiye aliyeandika mji wote. Mimi kwenye lile jukwaa nilikuwa mtu wa kueleza. Rangi, ndoa, siasa, ugonjwa wa kuku, yote nilieleza. Na watu waliniheshimu, lakini hakuna aliyekuwa akiniambia kitu. Yule kijana wa Ruaka ndiye aliyenitoboa. Aliandika, "Mzae, wewe huwa unaulizanga maswali ama unapeana majibu tu?"

Nilimpelekea mama yako malalamiko. Akasema, akiwa ameniwekea mdomo kwenye sikio, "Na mimi tangu unioe hujawahi kuniuliza kitu."

Nikasema huo ni uongo. Akasema nikumbuke hata kimoja. Nikashindwa. Basi kwa ubishi, nikamwuliza hapo hapo: "Kwa nini unatia tangawizi kwenye chai na unajua siipendi?"

Akaniangalia sana. "Sijawahi kutia tangawizi. Huo ni moshi wa jiko."

Sasa fikiria, mama. Miaka yote hiyo nimevumilia tangawizi ambayo haipo, na nilijiona mume mwema kwa kuvumilia. Kuanzia siku hiyo namwuliza kitu kimoja kila jioni. Nimegundua mambo! Alikuwa akiimba kwaya ya Limuru na hakuwahi kuniambia. Hapendi rangi ya nyumba hii. Mimi ndiye niliyeipaka.

Kuhusu wewe, nina ombi, na mimi huwa siombi. Wewe unapojibu watu kwenye simu, nimekuona, unaandika k. Herufi moja. Usinitumie k. Hiyo ni herufi nimeipaka mara nyingi, naiheshimu, lakini si neno. Mimi nitakuwa nimefungua simu kwa vidole vya rangi, nimetafuta miwani, nimekaa, halafu nikute kijiti kimeegemewa na vijiti viwili. Niandikie ulichokula. Niandikie nani alikuwa na sura mbaya kazini. Andika ndefu, mimi nina wakati.

Nami nikichelewa kujibu, usifikirie nimekasirika au nimekufa. Nasoma. Ujumbe wako nitausoma mara tatu: mara ya kwanza kujua maneno, ya pili kujua habari, ya tatu kwa sababu ni wako. Unaweza kuwa uko Ijumaa na mimi bado niko na wewe wa Jumatatu. Usinihurumie. Huyo wa Jumatatu pia nampenda.

Kama utakuwa na shida, usinifiche kwa kuniandikia maneno ya kanisani. Nitajua. Nimesoma watu wengi sasa wasio na sura. Mtu akianza kuandika kwa ufupi na alikuwa anaandika kwa urefu, kuna kitu. Mtu akiweka alama nyingi za kicheko mwisho wa habari isiyochekesha, kuna kitu. Sina masikio, lakini hayo nayaona.

Je, nitaweza? Hilo ndilo nilijiuliza tangu Jumapili, na nimeshika kalamu. Wewe ndiye ulikuwa unaniandikia kwenye katoni neno likinishinda. Mama yako macho yake ni ya kusoma Biblia ya maandishi makubwa tu. Kesho nikikwama kwenye neno, sina wa kumwuliza ndani ya nyumba hii. Nasema sijui kama nitaweza. Umeiona hiyo "sijui"? Iweke vizuri, sitaiandika tena.

Kwa hiyo juzi nilifanya kitu ambacho sijawahi kufanya. Niliingia jukwaani nikauliza. Sikueleza, niliuliza. Niliandika kwa herufi ndogo: binti yangu anakwenda lodwar kazi ya maabara. kuna anayejua lodwar? kukoje?

Wanjiku, walikuja kama mvua. Hata sikujua kuna watu wengi hivyo wamekaa kimya wakisoma. Mwalimu aliyefundisha huko, dereva wa lori, mama anayeuza samaki mkavu, msichana aliyezaliwa huko sasa anafanya kazi Kisumu. Mmoja anasema watu hulala nje uani kwa sababu ya joto, na nyota ziko chini mno. Mwingine anasema mto wa Turkwel unaweza kuwa mchanga asubuhi na jioni uwe maji. Mama Pendo ameandika kwamba ana binamu hapo na atamwambia jina lako. Na yule kijana wa Ruaka, neno likinishinda, nampelekea picha ya hilo neno na yeye ananikatia vipande. Sijamaliza kusoma. Niko mbali sana na mwisho, na namba inaongezeka, na leo nafurahi ikiongezeka, kwa sababu yote ni ya mahali utakapokuwa.

Lakini kuna ubishi umezuka hapo. Dereva wa lori anasema mchana huko ukifungua bomba, maji yanatoka moto kabisa, unaweza kuoga bila jiko. Mwalimu anasema huo ni uongo wa madereva, ni vuguvugu tu. Wengine wameingia kila upande, na wanatukanana vizuri. Wameniuliza mimi nasemaje.

Nimewaambia sisemi kitu, wangoje. Nimewaambia nina mtu wangu huko. Basi ukifika, ukishaweka begi chini, ngoja saa nane mchana, ufungue bomba, utie mkono, uniandikie.

Baba yako.